Mama Akanisubiri Nimalize

Rukanga, Jumapili

Dada Elsie,

Natumai ndizi zenu huko Mboghoni zimepata maji. Huku mahindi yamekauka, ila mboga hatujakosa. Mkono wa Mama unaendelea vizuri, na plasta tutaenda kuitoa Voi.

Nilikwambia aliteleza kwenye tangi la maji. Ni kweli, lakini sikumalizia.

Unajua kazi yangu ya Nairobi naifanyia hapa nyumbani, na nilishawaonya wote kwamba nikivaa hedifoni nisisemeshwe. Siku ile tulikuwa na mkutano wa afya ya wafanyakazi. Bosi alikuwa akimuuliza kila mmoja anaendeleaje. Zamu yangu ilipofika, jirani yetu Mama Lynn akatokea dirishani. Nikamwinulia mkono asubiri, nikaendelea kuwaeleza wenzangu kwamba nina amani kwa sababu naishi na mama yangu. Wakanipigia makofi.

Kumbe Mama alikuwa ameanguka, mkono umevunjika. Mama Lynn aliporudi kumwambia niko kazini, Mama akajibu, "Mwache amalize, wasije wakamfukuza." Akakaa kwenye tope nusu saa.

Wanaokuja kumjulia hali anawaambia nilikimbia mara moja. Nami nazipokea sifa zao.

Jana nilikuwa nasikiliza mpira tu. Nilipogeuka nikamkuta amesimama mlangoni, kikombe kwenye mkono ule mzima, akingoja nivue hedifoni. Chai ilikuwa imeshapoa.

Ni mimi mdogo wako, niliyeshindwa kukwambia haya kwa simu,
Ronald