Shanga za Mama, Dakika Moja

Jumamosi. Tumeomba mvua hapa Isiolo mpaka tukachoka, na ikachagua kunyesha leo, tangu alfajiri. Sina furaha nayo.

Naandika kitu ambacho sitamwambia mtu yeyote wa nyumba hii.

Saa nane watu walikuwa wanakuja kumposa mdogo wangu, Akiru. Alitaka kuvaa shanga za marehemu mama, zile za shingoni zilizotungwa kwa waya mwembamba. Mama alimwachia yeye. Mimi ndiye nilimwogesha mama miaka miwili kitandani, nikamlisha uji kwa kijiko, lakini shanga zikaenda kwa kitinda mimba. Haya.

Asubuhi nikamkuta ameziloweka kwa beseni, anazisugua na sabuni ya unga. Eti zilikuwa chafu. Chafu! Yale yalikuwa mafuta ya mama, na moshi wa jiko lake. Harufu yake yote iliyobaki ilimwagwa nje kwenye matope nikiangalia.

Nikachukua beseni tupu, nikalisuuza.

Jua hakuna, saa zinaenda. Akaniuliza kama zinaweza kukaushwa kwa maikrowevu. Mimi ndiye hupasha watu chakula kazini. Kijiko kilisahaulika mle ndani siku moja kikatoka salama, lakini kipande cha foili ya kufungia chakula, chembamba vile, kilirusha moto mpaka tukachomoa plagi. Kwa hivyo nilijua.

"Weka dakika moja," nikamwambia. "Haina shida."

Waya ukaanza kulia tatatata, cheche za buluu zikikimbia kutoka ushanga mmoja hadi mwingine. Alipofungua mlango, waya ulikuwa umekatika vipande na shanga zimepasuka, nyeusi. Sasa zilikuwa chafu kweli.

Nitasema ukweli. Nilifurahi. Kwa muda wa kumeza mate tu, lakini nilifurahi sana.

Wageni walimkuta shingo tupu, macho mekundu. Shangazi ya bwana arusi akauliza mbele ya watu wote kama huyu msichana hakuwa na mama wa kumfunza kujipamba. Akiru akainamisha kichwa. Mimi nikaongeza chai.

Walipoondoka alinifuata jikoni, akapiga magoti. Hakuitaja hata mara moja ile dakika niliyomwambia. Anadhani mimi pia sikujua.

"Nisamehe, dada," akasema. "Wewe ndiye ulimtunza mama, na mimi nimeharibu kitu chake."

Nikamshika kichwa, nikamwambia nimemsamehe.

Akanishukuru.