Kipepeo na Kidukari wa Mama

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili, tarehe 9

Mpendwa mdogo wangu Kipepeo,

Salamu nyingi. U mzima? Shemeji na mapacha hawajambo? Sisi tu wazima, ila goti la mama linamsumbua kukiwa na baridi, na mimi nina kinyongo. Nakwambia mapema usije ukasema hukuambiwa.

Jina hilo alikupa mama. Tangu uhamie huko, kipepeo mweupe akitua kwenye kabichi zetu, mama hupiga kelele dirishani: "Mwanangu kaja kunisalimia, usimfukuze!" Mimi ninayeinama pale kila asubuhi na kitambaa cha maji ya sabuni, nikifuta vidukari, ndiye niliyeitwa Kidukari. Eti sibanduki. Hata muuza maziwa ananiita hivyo.

Basi nikawachunguza wadudu hao wawili, maana wivu humpa mtu macho. Kidukari ni mharibifu, sikatai. Kadogo, ka kijani, kameng'ang'ania chini ya jani kananyonya utomvu. Lakini unamwona, yupo. Huyo mweupe wako hang'ati jani hata kidogo. Anapepea, anasifiwa, anataga mayai yake ya njano chini ya jani, huyoo kaenda zake. Kisha viwavi wanatoka. Mdogo wangu, kabichi zimebaki mishipa! Na mama akaniuliza mimi: "Kidukari, hata kufuta kumekushinda?"

Hayo ningesahau. Ila ulipokuja mwezi uliopita ulisifia mapazia, ukamnong'oneza mama sikioni, ukaondoka. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi ndiyo kwanza naugua. Jana kanionyesha tiketi uliyomtumia. Begi lake liko mlangoni. "Kwa mwanangu kuna lifti," anasema, kana kwamba mimi ni mtoto wa jirani. Nami nikimwona anavyoshika ukuta akipanda ngazi zetu, nakiri lifti itamfaa.

Nitampeleka kituoni mwenyewe. Chai yake iwe ya uvuguvugu, na mto wake uwe upande wa dirisha, la sivyo hatalala.

Msalimie shemeji, na mapacha uwabusu. Shangazi anakusalimu. Mungu akulindeni, amfikishe mama salama.

Kipepeo, wewe una maua mengi. Kidukari asiye na mabawa ana jani moja tu. Goti likipoa, nirudishie.

Dada yako akupendaye hata akinuna,
Kidukari