Mbolea ya Jangwani, Nusu Yangu na Nusu Yake

Kariakoo, Jumatano, masika 1956

Huyu mume wangu na ubishi wake! Asubuhi tulitia mbolea ya chumvichumvi kwenye mahindi yetu kule Jangwani, kila mtu nusu ya shamba. Mimi nilichimba kishimo kando ya kila shina, nikafukia. Yeye aliirusha juu kama anayelisha kuku, na umande haujakauka.

"Mama Zuhura, utachimba mpaka lini?" akanicheka.

Jioni nimepita kuangalia. Punje za mbolea zimegandia majani ya mahindi yake, na zilipogandia pameungua.

Sasa anaomba mvua iyaoshe. Mimi naiogopa, maana ikizidi, mto ulio kando utabeba shamba lote.

Bati limeanza kulia. Yeye anasema alhamdulillahi, mimi nasema basi, basi. Na ugali tunakula sinia moja.