Wale Tisa Waliopanda Basi la Laoban

Dada Resti,

Barua zetu za nyumbani huanza kwa kuulizana hali, na hapo ndipo nilipokwama tangu mchana. Sijui unamwuliza nini mtu aliyelala Bukoba mwaka mzima sasa. Basi nianze na yangu. Mimi ni mzima, Upendo ni mzima, amerefuka hadi sketi zake zote zinamwaibisha. Ni Jumapili alasiri, tumetoka kanisani, yeye yuko chini anaruka kamba na wenzake, nami nimekaa kwenye ile meza yako ya kukunja. Waliposafirisha mwili wako sikuwa na namna ya kupanda ndege ile. Nilibaki hapa Sanyuanli, huku kwa Wachina, nikiosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Kwa hiyo kaburi lako sijaliona, na labda ndiyo maana nakuandikia kana kwamba umehamia mji mwingine tu.

Kuna jambo nililoona haya kukuambia. Nitakuambia leo, maana limekwisha vizuri kuliko nilivyostahili.

Ni habari ya Jumamosi.

Pale hospitali, ulipokuwa huwezi tena kuinua kikombe, uliniambia, "Mama Upendo, Jumamosi usiiache." Hukuniachia maneno mengine. Wewe uliyekuja huku kwa udhamini kusomea nguo na nyuzi, ukaambukizwa softiboli, ule mchezo wa gongo na mpira, na wasichana wa chuoni kwenu, ukaona kwamba mtoto aliyekulia kwenye rede anajua tayari nusu ya mchezo, kurusha na kukwepa. Ulianza na watoto sita wa wanafunzi wenzako. Ulipolazwa walikuwa arobaini, wetu na wa Kichina, kwenye uwanja wa ile shule ya msingi ambayo mzee mlinzi alitufungulia geti kwa sababu tu mjukuu wake alikuwa hana pa kuchezea.

Niliendesha kama ulivyonifundisha. Kila mtoto anavua ndala moja, zinatupwa katikati, nazichanganya kwa mguu, nagawa mafungu mawili. Ndala yako ilipoangukia ndiyo timu yako kwa siku hiyo. Hakuna cha rafiki wala cha dada yangu. Na zamu haiishi kwa watatu kutolewa kama wanavyocheza wengine, inaisha wote wakishapiga. Wazazi wageni walikuwa wakiniambia huo si mchezo halisi. Nikawa nawajibu kwa ile sauti yako ya ualimu.

Halafu akaja mgeni.

Unamkumbuka Laoban Liang wa Shiling, yule bosi mwenye karakana ya mikoba ninakonunulia mizigo ya watu wa nyumbani? Kumbe ujanani alikuwa kocha wa softiboli. Siku moja tunabishana bei, akaona glovu kwenye kapu langu, bei ikasahaulika. Akasema Jumamosi anakuja kutuona.

Dada, wewe unatujua sisi na wageni. Mgeni akija, paja la kuku ni lake, na shuka jipya linatoka sandukuni. Basi nami nikafanya hivyo hivyo. Jumamosi ile sikuchanganya ndala. Niliwatenga wale tisa wazuri kuliko wote nikawaweka timu moja, na wengine thelathini na mmoja nikawapanga upande wa pili wawe wa kupigwa tu. Nilitaka mgeni aonje kilicho bora. Walicheza, si utani! Liang alikuwa akipiga paja lake na kusema, "Number one, pengyou, number one!" Nami rafiki yake nikavimba kichwa.

Kwa muda mrefu nimewaambia watu kwamba ulikuwa ukarimu. Kwako siwezi kudanganya. Nilimweka Upendo katikati awe mrushaji, nikahakikisha jua halimpigi machoni, kwa sababu nilitaka mwanangu aonekane. Ukarimu ulikuwepo, lakini ulikuwa mdogo.

Baada ya wiki mbili Liang alikuwa ameunda timu ya kusafiri. Wetu tisa, na wengine sita kutoka shule za huko kwake. Sare nyekundu, basi dogo lenye mapazia, leo Foshan, kesho Zhuhai, na mazoezi kila Jumamosi. Wale tisa walipanda basi lile mbele ya geti letu, mchezo wetu ukiwa haujaanza. Nilipunga mkono mpaka likakata kona. Nilikuwa na furaha, Dada. Niligeuka nikaona wale waliobaki wananiangalia, nami nikaushusha mkono.

Sikujua kwamba tisa wanaweza kuwa wengi kiasi hicho. Nilihesabu nikasema thelathini na mmoja bado ni umati. Lakini wale tisa ndio waliokuwa wakimshika mdogo mkono kumwonyesha kituo cha pili kiko wapi. Ndio waliokuwa wakirusha taratibu akija mtoto wa miaka saba, bila mimi kusema. Walipoondoka, waliobaki hawakuwa na wa kumtazama, na mimi ni mmoja, nina macho mawili. Mchezo ukawa wa kukimbizana na mipira iliyopotea. Wazazi nao wakaanza. Mama mmoja akaniuliza mwanawe ana kasoro gani hata hakuchukuliwa. Mwingine akampeleka wake kwa mwalimu wa kulipia ili achaguliwe safari ijayo. Watoto wenyewe wakaanza kujiita mabaki. Nililisikia neno hilo kwa Kichina na kwa Kiswahili, likiwa linasemwa kwa kicheko, kile kicheko cha mtoto anayetaka umkatalie.

Walishuka mpaka ishirini, kumi na wanne, saba. Saba, Dada Resti. Jumamosi moja ya manyunyu nilisimama na watoto saba na mzee mlinzi akaniuliza kwa upole kama bado nauhitaji ufunguo.

Nisimseme vibaya Liang. Upendo alijifunza kuzungusha mkono mzima na kuachia mpira kiunoni, ukienda unalia hewani. Alilala nyumba za watu Zhuhai, akarudi anajua kuomba maji kwa Kikantoni. Mtoto aliyekuwa akijificha nyuma ya gauni langu sasa anamtazama mtu mzima usoni. Kufikia mwezi wa tatu wa safari zao alikuwa ndiye mrushaji wa kwanza. Ila wanne kati ya wetu tisa walikuwa wakisafiri saa nzima kwenda kukaa benchi, watoto ambao kwako hawakuwahi kumaliza siku bila kupiga.

Basi mimi nikafanya kosa la pili, la hasira. Nilitangaza kwamba aliyekwenda amekwenda. Anayevaa nyekundu haingii uwanjani kwetu, hata siku ambayo basi halisafiri. Nikasema sheria ni sheria, na mwanangu nikamjumuisha nionekane mwenye haki. Ungenicheka. Mimi niliyewapanga mstari mbele ya mgeni nikiwa na wanja machoni, leo nawafungia geti.

Jumamosi moja basi la Liang likaharibika. Upendo alinibebea mfuko wa magongo mpaka getini, akaniachia, akaenda kukaa kwenye ukingo wa ukuta nje, kwenye kichochoro. Hakulalamika. Afadhali angelalamika. Nikaingia na watoto wangu saba, nikapuliza filimbi kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Unamkumbuka Aling, binti wa mama muuza uji wa mchele, yule mdogo aliyekuwa anafumba macho kila mpira unapokuja? Aliweka gongo begani, akatoka getini kama mtu anayekwenda chooni. Hakurudi. Nikamtuma Baraka akamwite. Baraka naye hakurudi. Wakatoka wawili wengine, halafu watatu, mimi nikiwa nimeinama natafuta chokaa ya kuchorea vituo. Nilipoinuka, Dada, uwanja ulikuwa wangu peke yangu. Mimi, filimbi na vituo vinne.

Nikatoka nje. Kichochoro kizima kilikuwa kinacheza. Upendo alikuwa nyuma ya Aling amemshika viwiko, anamwambia kwa Kichina chake kilichochanganyika na Kiswahili, "Usifumbe. Angalia mpira, usiniangalie mimi. Tena." Wenye baiskeli za mizigo walikuwa wamesimama wanangoja, na mmoja alikuwa ameshageuzwa kituo cha tatu. Mpira ukaja, Aling akaupiga. Haukwenda mbali, uligonga ndoo ya mtu. Lakini alikuwa amefumbua macho, na alipiga ukelele ambao nadhani uliusikia huko uliko.

Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikalia palepale nilipokaa. Ilikuwa mara ya kwanza kulia vizuri tangu ufe. Upendo alikuja akaniuliza, "Mama, turudi ndani?" Nikamwambia turudi wote.

Jumatatu nikapanda basi la Shiling. Niliogopa, maana Liang ndiye ugali wangu. Akinikasirikia, wateja wangu wa Moshi na Arusha watanunua mikoba kwa nani? Nilimkuta katikati ya mafundi wake na harufu ya gundi. Nikamwambia nataka Jumamosi asubuhi yangu irudi. Akasema, "Mei banfa, pengyou." Haiwezekani. Nikaeleza tena. Mei banfa. Mara ya tatu nikachukua kipande cha ngozi mezani pake nikamwuliza, "Laoban, ngozi hii ikiisha, wewe unashona nini?" Akasema anaagiza nyingine. Nikamwambia, "Wale tisa hukuwaagiza. Uliwakuta tayari. Aliyewatengeneza amekufa, na mahali walipotengenezwa panakufa. Miaka mitatu ijayo utakuja kuchukua kina nani?"

Akanimiminia chai. Ukimiminiwa chai na Liang ujue bado mnazungumza. Akasema sawa, anayetaka kuja kwetu Jumamosi aje, hatamfukuza. Lakini kikosi cha kwanza kitatoka kwa wanaofanya mazoezi ya Jumamosi naye, kwa sababu hawezi kuwaonea waliojituma. Nilitaka kubisha nikaona ana haki.

Nyumbani nikamweleza Upendo yote. Nikajikaza nisimsukume huku wala kule, na niamini, ilikuwa kazi. Alimaliza kula wali wake kwanza. Kisha akasema atakwenda na Liang Jumapili moja moja, baada ya ibada, na Jumamosi atakaa na wadogo. Kwa hiyo sasa mrushaji wa kwanza ni binti mwingine. Upendo anaingia mwishoni mwishoni, au haingii. Niliumia, Dada. Bado naumia kidogo nikiona lile basi linapita na mwanangu hayumo. Yeye haumii kama mimi. Nadhani ile nafasi ya kwanza ilikuwa yangu zaidi kuliko yake.

Kati ya tisa wamerudi wanne. Watano wameendelea na Liang, na sasa siwasemi. Wapo watoto wanaotaka kushindana, na wana haki ya kumpata wa kushindana naye. Wakipita uwanjani nawapa maji na gongo kama wengine. Wale wanne nimewapa kila mmoja wadogo wa kuwaangalia, na wenyewe wanapiga kwa mkono wa kushoto ili mechi isiwe ya upande mmoja. Kuwaona mashujaa wa Zhuhai wanakosa mpira mara tatu mfululizo, na Aling anawaelekeza jinsi ya kushika, ungekuwa huna mbavu. Neno mabaki limepotea. Sijui liliondoka lini, niligundua tu kwamba silisikii.

Jana walikuwa ishirini na sita. Arobaini yako sijaifikia. Mzee mlinzi hajauliza habari za ufunguo tena.

Jana hiyohiyo alikuja mama mmoja wa Kichina, mgeni kabisa, amemshika mkono binti mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Walisimama getini muda mrefu wakitazama. Nilipowafuata, mama akaanza kuomba radhi kabla hata ya salamu. Amesikia kuna timu inayosafiri inachukua watoto hapa. Wa kwake hajawahi kushika mpira, hakimbii sana, haoni mbali. Akaniuliza kama tunawapokea na wa namna hiyo. Yule mtoto alikuwa anatazama chini, anangoja jibu alilolizoea.

Nikamwambia mama yake kwamba hao ndio tunaowatafuta. Na mtoto nikamwuliza jina.

Nakuaga, Dada Resti. Pumzika bila kunung'unika kwa ajili yangu. Nilikuvunjia kitu chako kwa sifa, nimekiunga kwa kadiri ya mikono yangu, na ufa unaonekana ukikaribia. Nakuahidi: maadamu niko mji huu, kila Jumamosi asubuhi geti lile litakuwa wazi. Na siku nitakayorudi nyumbani, filimbi nitakuwa nimeshampa mtu, nikamwambia alianzisha nani. Kisha nitakuja Bukoba nikae kando yako nikutajie majina yao wote, nikianza na wale wasiojua kucheza.

Mdogo wako,
Mama Upendo