Atakayenisemea Nkanka

Muganza, Cyangugu

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Miguu yako inaendeleaje, na dada bado anakukataza kubeba ndoo? Mimi ni mzima, ila vumbi la saruji limeshanipa mvi kabla ya wakati. Kazi ipo, ugali upo, na tangu bunduki zinyamaze huko kwetu Kongo, malori yanapita na barua zinafika. Hii ina ombi kubwa, kwa hiyo kaa kwanza.

Jumapili nisipokuwa na zamu, napanda lori la rafiki yangu Damas hadi Kamembe, kwa Musa fundi wa magari. Mzungu mmoja aliyekuja kufunga mitambo ya kiwanda chetu alimwachia mchezo wa kusimulia hadithi. Usianze kuniombea, si kamari. Tunazunguka meza, Musa anaeleza tumefika wapi na tumekutana na nani, na kila mmoja anasema mtu wake wa hadithini anafanya nini. Jambo likiwa gumu, tunarusha dadu kuona kama limewezekana. Damas alichagua kuwa mbabe wa kuvunja milango. Mimi, na hapa cheka taratibu, nilichagua kuwa mwenye ulimi mtamu.

Ndiyo, mimi, Fidèle wako mwenye kigugumizi. Yule uliyekuwa ukimmalizia maneno dukani hadi muuza chumvi akadhani umezaa bubu.

Siku ya kwanza, hadithini, tukafika kwenye daraja tukiwa na mbuzi. Mlinzi akataka tumwachie mbuzi wetu ndipo tupite. Nikasema nambembeleza.

"Mubembeleze basi," akasema Musa. "Unamuambia nini?"

Nikafungua mdomo, neno likakwama palepale linapokwama siku zote. Nilitamani ardhi inimeze. Damas akakasirika kwa niaba yangu.

"Musa, mi nikivunja mulango, unaniletea mulango ya nyumba yako niivunje? Acha arushe dadu!"

"Tukirusha dadu tu, maneno itabakia wapi? Tutaikala hapa kama mabubu?"

Na Musa naye alikuwa na haki, sitamsingizia. Aliyetuamua ni Dativa, mshonaji ambaye cherehani yake iko jirani na gereji.

"Siku ya gusaba, bwana harusi anasemaka?" akauliza.

Desturi hiyo Papa alikueleza, Mama: siku ya kuposa kijana hukaa kimya, na msemaji wa ukoo ndiye anayebishana na wakwe.

"Fidèle aseme tu anataka nini," Dativa akaendelea. "Mi nitamusemea. Kisha dadu iamue."

Nikasema mbuzi abaki wetu. Dativa akamgeukia yule mlinzi, akamuuliza habari za watoto wake, akamkumbusha njaa ya wakati wa vita, hata Musa akasahau kuwa mlinzi ni yeye, akafuta macho. Nikarusha dadu. Likaanguka vibaya kabisa.

"Amekataa," Musa akasema. "Maneno ilimuingia, lakini eko na shefu wake, mukubwa wa kazi. Anamuogopa."

Neno hilo nilitembea nalo kiwandani wiki nzima. Maisha yangu yote, mtu akininyima kitu nililaumu ulimi wangu. Kumbe mwingine ana wake anayemwogopa.

Mbuzi tulimpoteza, lakini Dativa nilimpata. Tunapendana, Mama. Juzi alinipeleka Nkanka kwa baba yake, mkulima aliyewahi kufanya kazi Bukavu, Kiswahili anakijua. Akaniuliza mimi ni wa nani na nimefuata nini. Nikakwama.

"Huyu kijana hasemake?" akamuuliza binti yake.

"Anasemaka, Papa. Mumuulize tu anataka nini. Ingine itakuya nyuma."

Akaniuliza hivyo. Nikamjibu, "Nataka Dativa." Hakuna neno lililokwama.

Mzee akanitazama. "Ni vizuri. Sasa leta muntu wa kwenu aseme ile ingine."

Hapo paliniuma. Upande wa Papa vita havikuacha mwanaume wa kunisimamia, na yeye mwenyewe tulimzika. Nikamwambia mjomba si wa ukoo wa Papa, wa kunisemea nimebaki na mama tu. Akasema kwao haijaonekana mwanamke kusimama akaposa. Nikajua yamekwisha. Kisha akauliza:

"Huyo mama yako anajua kusema?"

"Sana," nikasema.

"Basi akuye. Nitamusikiliza."

Mama, njoo unisemee. Panda mashua hadi Uvira, Damas hupeleka saruji huko, atakupokea. Mzee ana kaka zake na nadhani anawaogopa kidogo, huenda akakataa. Akikataa, haitakuwa kosa la ulimi wako wala wangu. Langu nimeshalisema, yaliyobaki ni yako.

Msalimie dada anayekutunza, na shemeji, na mjomba anayetuongozea sala. Msalimie pia yule muuza chumvi. Mwambie bubu anaposa.

Ni mimi mwanao unayemmalizia maneno,

Fidèle