Dakika Tatu za Mwalimu Nzioka

Kianda, Kibera
Jumatano

Kwako dada Mwende,

Kabla hujaenda mbali na barua hii, tafuta kiti, kwa sababu aliyekuandikia si mtu mdogo tena. Hapa Kianda chifu hafungui kikao kabla hajaangalia kushoto na kulia aone kama Mutinda amefika. Juzi mgeni aliuliza njia akaambiwa, "Nenda mpaka kwa Mutinda, halafu ndio uulize tena." Hata wale wa ramani za simu nasikia wanafikiria kuniweka. Sisemi haya kwa kujisifu, nataka tu ujue barua imetoka mahali gani.

Goti linasemaje? Yale mafuta niliyokutumia ujipake ukiwa juani, si jikoni kwenye moshi. Na mvua je, imefika kwenu ama imegeukia Machakos kama kawaida yake? Ndengu mlipanda? Mimi mwili uko sawa, ila mgongo. Lakini mgongo wa fundi viatu hata daktari akiuona anavua kofia.

Sikupiga simu kwa sababu wewe simu unaiweka sauti ya nje, shemeji anasikia, watoto wanasikia, kuku wanasikia. Jambo la leo ni la macho yako peke yako. Barua nampa kondakta wa basi la Kitui kesho asubuhi, itakufikia jioni. Ukishaisoma, itie moto.

Mmeshapata habari kwamba Mwalimu Nzioka ametuacha. Alifia Kawangware, kwa binti yake Ndinda, Alhamisi iliyopita asubuhi, amekaa kwenye kiti, chai nusu kikombe. Jumamosi tunamleta nyumbani kuzikwa. Na hapo ndipo nina ombi. Ndinda ameniweka kwenye programu ya mazishi. Imeandikwa kabisa: "Ndugu Mutinda, aliyekuwa sauti ya Mwalimu, atatusomea maneno yake." Dada, wewe unakaa na kamati hapo nyumbani. Waambie wanitoe. Sema nina homa, sema nimepoteza sauti, sema unachotaka. Sababu nitakupa, lakini niache nifike polepole, kwa sababu njia yenyewe ina miiba.

Wewe unamkumbuka Mwalimu wa fimbo, aliyekuwa akiingia darasani hata nzi wananyamaza. Huku alikuwa mtu mwingine. Alipostaafu na mkewe akafa, Ndinda alitaka wakae pamoja Kawangware. Mzee akakataa. Unajua kwetu, baba hawezi kwenda kulala kwa mkwe wake na kuoga kwenye bafu moja naye. Akapanga chumba hapa Kianda, nyuma ya changu, akasema hapo atakuwa karibu na mtoto bila kumvunjia mkwe heshima.

Kila asubuhi alikuja kwenye benchi langu la wateja na gazeti la jana. La leo hakulitaka hata ukimpa bure. Alisema habari ikilala siku moja, hasira yake hutulia chini kama tope, ndipo unaona maji. Alikuwa na kalamu nyekundu, ile ile ya darasani, na alisahihisha gazeti lote. Wakiandika kwamba maji yataletwa mtaani, anaandika pembeni: "Lini? Bomba la nani?" Halafu anatoa alama.

Kando yangu kuna Omondi, muuza makaa, mtu wa ziwa, mdomo haufungi. Kila siku lazima amchokoze.

"Mwalimu, hii serikali yako imepita ama inarudia darasa?"

"Haijafeli, Omondi. Haijafika swali la pili."

"Na la kwanza?"

"La kwanza ni kuandika jina. Hilo inajua."

Watu walikuja na mambo yao. Akina mama walileta kazi za nyumbani za watoto, zile za mtaala mpya za kutafuta picha na kuzichapisha kwa rangi. Wanalalamika, wengine wanautukana mtaala. Yeye hakutukana. Alisema, "Mtaala ni mzuri. Ila umeandikiwa mtoto mwenye meza. Huku mtoto anaandikia juu ya goti, na goti lenyewe ni la mama yake." Halafu anakaa na yule mtoto kwenye benchi langu wanachora hiyo picha kwa mkono, na mteja wangu anasimama. Mimi pia nilikuwa natoa maoni kuhusu mambo ya nchi, maoni mazito. Mara nyingi Mwalimu alinyamaza kabisa nikiongea, kwa heshima.

Na alikuwa bado anafundisha. Kulikuwa na shule ndogo ya mabati kule Soweto West, hapa hapa Kibera, darasa la pili halikuwa na mwalimu, akaenda mwenyewe akasema, "Mnipe hao." Bila kulipwa. Kila siku saa tano anashuka na kofia yake na chaki mfukoni. Nilimwambia, Mwalimu, umestaafu. Akasema aliyestaafu ni mshahara.

Sasa sikiliza shida ilipoanza. Lilikuja tangazo kwamba shule zisizo na kiwanja wala vyoo vya kutosha zitafungwa, watoto wahamie shule kubwa iliyo ng'ambo ya barabara kuu. Kutakuwa na kikao cha wananchi kutoa maoni, kwenye ukumbi karibu na mtaa wa Raila. Omondi akasema hayo ni maigizo, wameshaamua. Mwalimu akasema hata kama, karatasi ya mtihani hairudishwi tupu.

Akaanza kuandika. Dada, yule mzee aliandika ukurasa mmoja kwa wiki tatu. Anaandika, anafuta, anasahihisha mwenyewe kwa kalamu nyekundu, anajipa sita, anachana. Hakutaka kusema uongo wowote. "Kuhusu vyoo wanasema kweli," aliniambia. "Vyoo viwili, watoto mia. Siwezi kusimama niseme shule yetu ni nzuri. Nataka kitu kimoja tu." Akasimama karibu na benchi akaweka kiganja chini ya kiuno chake. "Mtoto wangu wa darasa la pili anafika hapa. Bampa ya lori inafika hapa." Kiganja hakikusonga. "Dereva hamwoni. Wale wadogo wabaki mpaka daraja la miguu lijengwe. Wakubwa waende hata kesho."

Ilikuwa hiyo tu. Hata mimi niliona haina kasoro, na mimi naona kasoro kwa kila mtu.

Wiki ya kikao mguu wake ukavimba. Ile sukari yake. Kidonda alikuwa amekificha ndani ya soksi, na mimi fundi viatu sikukiona, mtu anayekaa mbele yangu kila siku. Ndinda alikuja na mumewe. Mkwe ndiye aliyembeba mgongoni kutoka chumbani mpaka kwenye gari, kama mtoto. Mwalimu alifunika uso kwa kofia njia nzima. Kianda yote ilikuwa imesimama na hakuna aliyesalimia. Tulielewa.

Siku mbili baadaye akaniita Kawangware. Nilienda kwa miguu. Nilimkuta sebuleni, mguu juu ya stuli, amegeuzia kiti dirishani ili asiangalie mlango wa chumba cha kulala cha mkwe. Akanipa ile karatasi.

"Utasoma wewe."

"Mimi, Mwalimu? Si Ndinda amesoma mpaka chuo?"

"Ndinda yuko kazini siku hiyo. Na wewe watu wanakusikiliza, hata ukisema uongo. Mara moja wakusikilize ukisema kweli."

Akanisomesha. Mara ya kwanza, mara ya pili, anagonga stuli kwa kalamu nikikimbia. Darasa la tano nililoliacha, nililirudia hapo sebuleni na mvi zangu.

"Wanatoa dakika tatu," akasema. "Nimeipima kwa saa. Ukisoma taratibu ni mbili na nusu."

"Na hiyo nusu?"

"Ya kupumua. Usiongeze chumvi, Mutinda. Soma, ushukuru, ukae."

Habari inayojulikana Kianda nzima ni kwamba Mutinda alisimama kwenye ukumbi ule, akashika maiki, na ukumbi ukatetemeka kwa makofi. Hata kinyozi atakwambia, ingawa hakuwepo. Na hiyo ndiyo habari niliyompelekea Mwalimu jioni ile ile. Alikuwa ananingoja. Ndinda alisema tangu arudi kazini mzee anauliza kama ni mimi kila mlango ukigongwa.

"Ulifika pale pa bampa?"

"Nilifika, Mwalimu."

"Walisema nini?"

"Walinyamaza. Mama mmoja alijifuta macho. Yule afisa wa elimu aliandika, akapiga mstari chini."

Aligonga stuli kwa kalamu mara moja. Kisha akasema, "Nakupa nane. Mbili nimekata kwa sababu nakujua, lazima kuna mahali uliongeza kitu." Ndinda akacheka, mumewe akacheka kutoka jikoni. Dada, wewe unajua alama zangu. Tangu nizaliwe sijawahi kupewa nane.

Muhula ulipofunguliwa, mabati ya shule yalikuwa yameshang'olewa. Sasa watoto wa Soweto West wanapita mbele ya benchi langu kila asubuhi wamevaa sare kubwa kuliko wao, wanaelekea barabarani. Akina mama wamepeana zamu. Mmoja anasimama katikati ya lami na leso nyekundu ya kujifunga kiunoni ameitandaza kwa mikono miwili, magari yanapiga honi, watoto wanavuka chini yake. Mpaka leo Mungu amewashikilia. Mimi huwa nainama nitafute msumari mpaka wapite.

Ndinda ndiye aliyemsomea Mwalimu habari ya kufungwa kwa shule gazetini. Nilikuwepo. Nilitegemea angeomba kalamu, lakini hakuiomba. Alisema, "Basi. Tulisikika, tukakataliwa. Hiyo si aibu. Aibu ni kutosema." Akanigeukia akanishika mkono hapa juu ya kifundo, akaniambia asante, kwa Kikamba. Wiki ya pili yake akafa.

Na Ndinda sasa kila anayekuja kutoa pole anamsimulia: baba alikufa ametulia, kwa sababu Mutinda alimsemea. Amenipa kiti cha mbele. Amesema nitakaa na familia.

Mpe shemeji salamu, mwambie ile ngozi ya mshipi wake nimeipata. Msalimie mwanao mkubwa Kavata, mwambie mjomba amesikia amekuwa mwalimu wa chekechea na asiogope. Msalimie shangazi yetu wa kule mlimani, na mchungaji aliyenibatiza, kama bado anasikia. Kaburi la mama ulipalilie kabla wageni hawajafika.

Ile karatasi ya Mwalimu nimeiweka ndani ya bahasha hii. Imekunjika kidogo, jasho ni langu. Mpe Kavata aisome Jumamosi. Aisome taratibu, asianze kwa salamu.

Kwa sababu mimi nilianza kwa salamu, dada. Nilipewa maiki, nikaona ukumbi wote umenigeukia, watu kama mia tatu na kiti hakuna kilichobaki, na sijui ni shetani gani aliniingia. Nikaomba itifaki izingatiwe. Nikamtambua chifu, nikamtambua naibu wake, afisa wa elimu, wachungaji mmoja mmoja, wazee wa nyumba kumi, hata mama anayeosha vyoo vya ukumbi. Halafu nikaona si vizuri watu wasijue anayewatambua ni nani. Nikajitambulisha. Nikasema mimi ni mwenyekiti wa mafundi wote wa Kibera, cheo ambacho hakipo. Nikawapa kisa cha mheshimiwa aliyekatikiwa na kisigino cha kiatu mbele ya benchi langu nikamshonea akiwa amesimama mguu mmoja kama korongo, kisa ambacho pia hakikutokea. Walicheka, dada. Makofi yalikuwa ya kweli. Karatasi ilikuwa mkononi mwangu, imefunguliwa tayari, nikainua miwani nianze, na yule afisa akasema kwa upole, "Asante mzee, dakika tatu zimeisha. Anayefuata."

Nilirudi nikakaa. Jina langu nililitaja mara nne. La Mwalimu sikulifikia.

Ni mimi ndugu yako,
Mutinda