Barua Hii Usimpe Abedi Aisome

Elisabethville, Ijumaa baada ya sala

Mama yangu, shikamoo. Mguu umepona? Musa muuza vitambaa anasema bado unachechemea ukipanda kutoka ziwani. Mimi mzima. Kazi ya gazeti inaendelea, na vumbi la hapa linanikohoza kama kawaida.

Utaona nimeandika kwa herufi za chuoni, za Kiarabu, zile Baba alizokuandikia alipokuwa Ujiji. Mkono wangu ulikuwa umezisahau. Mwalimu wa msikiti wa mtaa huu amenisahihisha Ijumaa tatu. Isome polepole, wewe na mdogo wangu Zaituni tu. Musa akirudi ataiweka mkononi mwako. Abedi hata akiikamata hataiweza, maana anajua herufi za shule peke yake.

Barua yangu iliyopita aliwasomea yeye, uani, mbele ya watu. Mimi huweka nakala ya kila ninachoandika. Nakala inasema: "Zaituni asiolewe na mtu yeyote mpaka nifike. Abedi ana mke tayari, na mke huyo hana raha." Musa alikuwa amekaa hapo kwenye mkeka. Amefika huku, nikamuuliza alisikia nini. Nilimuuliza siku mbili tofauti, na hakubadilisha neno. Alisikia: "Zaituni ni wa Abedi. Wafunge ndoa hata kama sijafika." Sasa naambiwa ndoa ni mwezi ujao.

Musa aliona karatasi imejaa pande mbili, lakini usomaji ukaisha upesi.

"Mwalimu," alimwambia Abedi, "karatasi iko imejaa, na we umeshamaliza?"

"Nyinyi batu ba biashara," Abedi akajibu, "munataka maneno yote sawa vile munapima kitambaa. Mi nabapatia wazo kuu."

Watu wakacheka. Musa anasema na wewe ulicheka.

Neno hilo, wazo kuu, nilimpa mimi. Mwaka jana Abedi, mtoto huyu wa baba mdogo, aliniandikia kwa adabu nyingi, akitaka nimsaidie somo la kusoma, awafundishe wanafunzi wake. Nilimjibu kurasa nne. Mwandishi ni yule aliyeyatunga maneno. Msimulizi ni sauti inayotupa habari, na sauti hiyo inaweza kudanganya, kwa hiyo msomaji aichunguze. Mhusika ni yule anayetenda au kutendewa ndani ya habari. Wazo kuu ni kile kinachobaki baada ya kusoma maneno yote, si kile unachokiweka mahali pake. Hilo la mwisho nilipiga mstari chini yake. Alinishukuru sana. Kisha akaja uani kwetu akajifanya msimulizi, mimi nikawa mhusika wake, nikasema alichotaka niseme. Mwanafunzi wake akimfanyia hivyo, atakula fimbo.

Abedi ni mwongo. Katika kazi yangu neno hilo siliandiki bila ushahidi. Sasa ninao.

Na wewe, Mama, nakulaumu. Unajua kusoma. Umewaacha wakuite kipofu kwa sababu karatasi zangu zilikuja na herufi za Wazungu. Kosa la herufi ni langu. Kosa la kunyamaza ni lako.

Zaituni alimpa Musa maneno machache anifikishie: "Mwambie kaka, mi sikatae kuolewa. Nakataa ule anasema mu kinywa ya batu." Hayo nimeyaandika kama yalivyo.

Ndani ya bahasha kuna karatasi ya pili, ya herufi za shule. Hiyo mpe Abedi Ijumaa, watu wakishajaa uani na baba mdogo akiwepo. Mwambie barua imefika, asome. Usiongeze kitu. Ina maneno manne: "Zaituni haolewi na Abedi."

Nisalimie shangazi wa Ubwari, na mama jirani anayekausha samaki wa ndagala, na fundi aliyetuezekea nyumba. Baba mdogo msalimie kwa heshima. Kama alijua au hakujua, sina hakika, na nisilo na hakika nalo siliandiki. Abedi simsalimu.

Karatasi yake inasomwa kwa pumzi moja. Akivuta ya pili, ujue anatunga yake; usimkatize. Mwache asome mpaka achoke, halafu toa barua hii uwasomee wewe.

Mwanao,
Selemani